Ratiba kwa Ushahidi wa Watoto

Miaka thelathini na mmoja alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nyuzi, mpaka jina la kuzaliwa likamezwa na jina la kazi. Mtaa mzima ulimwita Bwana Zamu. Hata mkewe, akitaka kumtania, alimwita hivyo hivyo: "Bwana Zamu, chakula kimeiva, au unangoja king'ora?" Alikuwa mtu wa saa. Aliamka bila kuamshwa, alikula bila kukawia, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufika kazini akakuta mashine zimeshawashwa.

Mkewe alikuwa na shule ya chekechea, vyumba viwili vya mbele vya nyumba yao pamoja na ua wa pembeni uliojazwa mchanga. Watoto kumi na tisa, wa miaka mitatu mpaka mitano. Wao walimwita Bibi Mwalimu. Bwana Zamu aliijua shule ile kama unavyomjua jirani wa nyuma ya ukuta, yaani kwa sauti. Akiwa zamu ya usiku alilala mchana chumba cha nyuma na pamba masikioni. Akiwa zamu ya mchana hayupo. Hata alipostaafu alijizoesha kutoka asubuhi, akaenda kukaa na wastaafu wenzake kwenye kibaraza cha fundi viatu, akarudi saa kumi, viti vidogo vimeshapangwa na ua umeshafagiwa. Kumbe mtu anaweza kulala kitanda kimoja na mwenzake miaka thelathini na minne asijue mchana wake unakwendaje.

Bibi Mwalimu alifariki wakati wa likizo. Alikuwa bombani anaosha mikeka ya watoto ya kulalia, akaanguka. Mpishi wa shule, aliyekuwa amepita kuchukua sufuria yake, ndiye aliyemkuta. Walipofika hospitali mambo yalikuwa yamekwisha. Moyo, alisema daktari. Bwana Zamu akapokea karatasi, akaikunja mara mbili, akauliza atie sahihi wapi.

Watu walingoja alie. Hakulia. Mazishi yalikwenda kama zamu iliyopangwa vizuri: viti vilitosha, maji hayakukatika, kila mgeni alipata pa kukaa, na mfiwa alisimama pale mlangoni akipokea mikono mmoja baada ya mwingine kama anayehesabu wafanyakazi wanaoingia. Mdogo wake marehemu alinong'ona kwamba shemeji yake ana moyo wa jiwe. Halikuwa jiwe. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi. Unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Tangu siku ile neno lake likawa moja: sawa. Ukimwambia ale, sawa. Ukimwambia alale, sawa. Binti yake wa pekee, mkunga katika mji wa mbali, aliaga akisema mwisho wa mwezi ujao atarudi kumchukua wakaishi wote. Sawa. Kwa hiyo mama mmoja fundi cherehani alipomkuta langoni, zimebaki siku tatu shule ifunguliwe, akamuuliza kwa haya, "Bwana Zamu, samahani. Jumatatu tuwalete watoto, au tutafute kwingine?" jibu lilikuwa tayari mdomoni.

"Sawa."

"Sawa tuwalete?"

"Waleteni."

Kabla hajafunga lango alikuwa ameshasahau alichosema.

Jumatatu saa moja na nusu watoto kumi na tisa walikuwa ndani ya ua. Mwalimu msaidizi alikuwa ameacha kazi kabla ya likizo, amemfuata mumewe aliyehamishwa. Mpishi alisimama kwenye mlango wa jikoni, aproni kiunoni, mwiko mkononi.

"Shemeji," alisema, maana alikuwa shoga wa marehemu miaka mingi, "sasa?"

Bwana Zamu akawatazama watoto. Wao wakamtazama yeye. Akafanya anachokijua. Aliwagawa mafungu matatu kwa urefu, akageuza karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akapiga mistari kwa rula. Nusu saa herufi, nusu saa namba, nusu saa kuchora, nusu saa mchezo, kisha herufi tena. Kila nusu saa kengele. Choo hakukiandika, kwa sababu kiwandani mtu alijipeleka mwenyewe.

Kengele ya kwanza walicheka. Ya pili walisimama wote wakaenda pande tofauti. Saa tatu na nusu mmoja akajikojolea, na kwa kuwa watoto hawaachani katika shida, wawili wakafuatia. Pacha, wasichana wawili wa miaka minne, walinyimwa kukaa pamoja kwa kuwa mmoja alimzidi mwenzake nusu kidole, wakalia kwa sauti moja kana kwamba wana koo moja. Uji ulikuja kwa dakika yake hasa, lakini ulikuwa wa moto, na ulipopoa kengele ya namba ikawa imelia. Mvulana mmoja alilala paji la uso likiwa juu ya herufi aliyokuwa anaiandika. Mwingine akamng'ata mwenzake begani, na alipoulizwa sababu akasema, "Alikuwa karibu." Mchana kengele ya kulala ikapigwa, hakulala hata mmoja.

Bwana Zamu alikuwa mlangoni muda wote, akiyatazama hayo kama mtu anayetazama mvua inanyesha kwenye shamba la wengine. Hakukasirika. Angependa kukasirika, walau ajue yuko wapi.

"Shemeji," Mpishi alimwambia jioni, wakikusanya penseli chini ya meza, "mtoto si uzi. Uzi ukikatika unapiga fundo, mashine inaendelea. Huyu ukimkatiza mchezo wake, fundo utalipiga wapi?"

"Sawa," alisema.

Jumatano akaja afisa wa malezi wa eneo lile, mama wa makamo mwenye mkoba mzito na viatu vya mtu anayetembea sana. Alitoa pole kwanza, pole ya kweli, maana alimfahamu marehemu. Kisha akavuta kiti cha mtoto, akakalia nusu yake, akainua macho kwenye karatasi ya ukutani.

"Mzee wangu, hii ratiba ni ya nani?"

"Ya watoto."

"Watoto gani? Hawa wanastaafu lini?"

Mpishi alikohoa kule jikoni kuficha kicheko. Afisa hakucheka.

"Nikueleze," alisema. "Siku ya mtoto inapanda na kushuka. Ukimkimbiza, mtulize. Ukimkalisha, mwachie. Awe nje, awe ndani. Awe na wenzake wote, halafu aachwe peke yake na jambo lake alitakalo mwenyewe. Na choo, maji, chakula, usingizi, hivyo usiviweke pembeni ukaviita mapumziko. Hivyo ndivyo nguo yenyewe, mengine ni vifungo tu. Kisha usibadilishe kila siku. Mtoto hajui kusoma saa, ila anajua kinachofuata. Akikijua hana wasiwasi." Akatazama huku na huku. "Mkeo alikuwa bingwa wa haya. Ratiba yake iko wapi?"

Wakatazamana, Bwana Zamu na Mpishi.

"Alikuwa nayo kichwani," alisema Mpishi.

Afisa akafunga mkoba wake. Kisha akasema anawapa wiki mbili. Akirudi akute ratiba ya maandishi, na mtu mzima anayeiweza, la sivyo watoto watagawanywa shule nyingine. Hakusema kwa ukali. Bwana Zamu akamsindikiza hadi langoni, akamshukuru.

Mchana ule alifungua kabati la mkewe. Madaftari yalikuwepo: majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa, siku kila mmoja alipoanza shule, nani hapatani na karanga, nani anaogopa mbwa. Mwandiko wake wa duara, kila herufi imekaa vizuri kama mtu aliyeshiba. Ratiba hakuna. Akamuuliza Mpishi. Mpishi alijua mwisho wake tu: uji hutoka saa tatu kasorobo, maji saa tano, chakula saa sita na nusu. "Yaliyo katikati ni ya mbele, shemeji. Mimi mtu wa nyuma."

Wakabaki mashahidi kumi na tisa.

Kesho yake, baada ya uji, Bwana Zamu alikaa chini sakafuni, magoti yakilia kama bawaba, daftari la zamu mapajani. Mbele yake alimweka msichana wa miaka mitano mwenye mdomo wa miaka arobaini, ambaye marehemu mwenyewe alimpa jina la Wakili.

"Wakili, Bibi Mwalimu asubuhi alikuwa anaanza na nini?"

"Anatuuliza."

"Anawauliza nini?"

"Tumeota nini. Mimi niliota ng'ombe. Wewe umeota nini?"

"Mimi siku hizi sioti. Halafu?"

"Halafu choo."

"Siyo!" mmoja akadakia. "Halafu kukimbia ukuta."

"Choo!"

"Ukuta!"

Ikazuka kesi. Wengine wakasogea, kila shahidi na siku yake. Mmoja aliapa kwamba Bibi Mwalimu aliwapa peremende kila asubuhi, na wenzake, ambao hawakuwahi kuionja peremende hiyo, wakaunga mkono haraka sana. Bwana Zamu aliandika yote. Kiwandani, mashine ikiharibika, zamu tatu husukumiana lawama, na alikuwa amejifunza zamani kuamini lile tu ambalo mahasimu wanakubaliana. Akaligeuza daftari, akafuta peremende.

Siku zilizofuata aliacha kuuliza mengi. Aliiweka kengele juu ya kabati, akawa na swali moja: "Sasa nini?" Watoto wakamwongoza. Ndivyo alivyojua kwamba kukimbia ukuta ni kukimbia hadi ukuta wa mwisho wa ua, kuugusa kwa viganja viwili, na kurudi, na kwamba hakuna mshindi, maana kila anayerudi hupewa mkono. Alijua kwamba ukitaka waache mchanga waingie ndani huwaiti. Unachukua ufagio, unaanza kufagia kizingiti polepole, na wakisikia ule mkwaruzo wanakuja wenyewe, kila mmoja anataka aushike. Ndani kuna unga uliokandwa kwa chumvi, na vifuniko vya chupa vya kupanga kwa rangi, na kila mtu na pembe yake. Kunawa mikono huanza mwenye mikono michafu kuliko wote, kwa hiyo hakuna anayeficha uchafu. Wanaoneshana kwa fahari. Hadithi ni kabla ya kunawa, wala si baada ya kula, kwa sababu baada ya kula, alisema Wakili, "masikio yanalala kabla ya macho."

Aliandika hilo pia, kama lilivyo.

Jumanne ya wiki ya pili, baada ya chakula, mikeka ilitandikwa. Walikuwa bado hawalali. Wanalala chali, wanahesabu dari, wanapeana mateke ya siri. Bwana Zamu alisimama katikati ya chumba na daftari lake.

"Sasa nini?"

Kulikuwa na mvulana wa miaka minne, mzito wa maneno, ambaye wenzake walimwita Kobe. Huyo aliinuka kwenye mkeka wake, akamshika Bwana Zamu suruali, akamvuta mpaka kwenye kigoda kilichokuwa chini ya dirisha.

"Kaa."

Akakaa.

"Siyo hivyo."

Kobe akauchukua mkono wa kulia wa yule mzee, akauweka upande wa kushoto wa kifua chake, akaukandamiza ubaki pale pale.

"Hivi."

Chumba kikanyamaza. Hata wale wa mateke wakatulia.

"Anashika hapo, anahema," Wakili alieleza, amefumba macho. "Sisi tunanyamaza mpaka amalize."

"Amalize nini?"

"Kuhema."

Bwana Zamu alikaa vile vile, kiganja kifuani. "Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu jana," alisema Kobe.

Kwa mtoto wa miaka minne, jana ni kila kitu ambacho si leo. Bwana Zamu alilijua hilo sasa. Akatafuta njia nyingine, kama alivyokuwa akitafuta siku mashine ilipoanza kulegea. "Wakili, siku pacha walipokuja shule mara ya kwanza, Bibi Mwalimu alikuwa anakaa hivi?"

"Ndiyo. Mmoja akamuuliza unaumwa, akasema anausikiliza moyo wake unapiga stori."

"Na kabla yao? Alipokuja Kobe?"

Wakili akafikiri muda mrefu. "Hapana. Wakati ule alikuwa anatukuna migongo. Mmoja mmoja."

Dakika chache baadaye walikuwa wamelala, wote kumi na tisa, kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe. Yeye akainuka kwa vidole vya miguu, akaenda kabatini, akatazama daftari la kuandikishwa. Kobe alianza mwaka juzi, mwezi wa tisa. Pacha walianza mwaka jana, mwezi wa pili. Alihesabu kwa vidole hadi mwezi wa mkewe kufa. Miezi kumi na minne, siyo pungufu. Akarudi kigodani, akafungua daftari lake la zamu, akaandika: *Saa saba na robo. Watoto wanalala. Mwalimu anakaa.*

Kisha akaenda jikoni. Mpishi alikuwa ameinamia sufuria.

"Mwenzako alikuwa anaumwa kifua," alisema. Hakuuliza.

Mpishi akaacha kusugua. Maji yalichuruzika kwenye viwiko vyake. "Alinikataza, shemeji."

"Kumwambia nani?"

"Wewe. Alisema ukijua utaifunga shule siku hiyo hiyo, na utataja na saa ya kuifunga."

"Alikwenda kupimwa?"

"Mara moja. Wakampa vidonge. Alikuwa anavimeza hapa, na chai ya saa tisa, kabla hujarudi. Nilimwambia mara ngapi, mwambie mwenzio! Anasema mwenzangu ni mtu wa ratiba, hili haliko kwenye ratiba." Akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekibeba kwa wiki nyingi. "Ungenifukuza leo ningekuelewa."

Bwana Zamu alichukua kitambaa, akaanza kufuta vikombe. Alijitafuta ndani, akatafuta hasira kwa Mpishi, kwa mkewe, kwake mwenyewe, hata kwa daktari wa vidonge. Alikuta patupu, pamefagiwa. Kitu kimoja tu kilikuwepo, nacho kilikuwa ukweli mkavu.

"Ningeifunga kweli," alisema.

Akafuta vikombe kumi na tisa, akavipanga vikitazama upande mmoja. Cha mwisho alipokiweka, akampa Mpishi ile ncha kavu ya kitambaa ajifute uso.

Jumamosi asubuhi alimpigia binti yake simu. Alimweleza kama anavyotoa ripoti: alichoambiwa na watoto, alichokikuta kwenye daftari, vidonge, miezi. Upande wa pili binti akalia. Mkunga anasikia vilio kila siku ya Mungu, lakini chake mwenyewe kilimshinda. Bwana Zamu alishika simu sikioni, akatazama mkono wa dakika ukitembea. Dakika kumi na moja.

"Baba, wewe hulii?"

"Bado."

"Bado nini, baba? Ni karibu miezi miwili."

"Bado haijafika. Sijui iko wapi."

Binti akapenga kamasi. "Nakuja mwisho wa mwezi. Panga vitu vyako."

Mdomo wake ulishajiandaa kusema sawa. "Njoo," alisema. "Ila vitu tuviache kwanza. Kuna kazi sijaimaliza."

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Ratiba ya mkewe haikumkaa mwili mzima, kama koti la mtu mwingine. Marehemu aliimba, yeye alijaribu mara moja, watoto wakamtazama kwa adabu ile wanayomtazama nayo mtu aliyeteleza akaanguka. Akaacha kuimba. Badala yake alikwenda kiwandani kwake kwa zamani, akaomba vile vijiti vitupu vya kuzungushia nyuzi na mabaki ya nyuzi za rangi, akawafundisha kuzungusha. Waliupenda mchezo huo. Wa miaka mitatu waliweza dakika kumi, wa miaka mitano hata ishirini. Mchanga ulitaka dakika arobaini; ukiukata chini ya hapo, utalipia mchana kutwa. Na haya yote aliyajua kwa kufanya jambo ambalo kwake lilikuwa kama kuandika kwa mkono wa kushoto: aliwatazama watoto kwanza, na saa baadaye. Watatu wakishaacha mchezo wenyewe, ndipo alipogeuka ukutani kuona ni saa ngapi, akaandika.

Afisa aliporudi alikuta karatasi mpya. Aliisoma amesimama, kidole kikishuka taratibu. Ndoto na salamu. Choo, kwa kauli ya walio wengi. Kukimbia ukuta. Uji. Mchanga. Ufagio. Unga, vifuniko, au pembe ya mtu mwenyewe. Maji. Nyuzi. Hadithi. Kunawa, chakula, choo, mikeka.

"Nyuzi halafu hadithi," alisema. "Umewakalisha mara mbili mfululizo. Hapo kati watapasuka."

"Wanapasuka," alikiri.

"Tia kitu cha miguu. Hata kuruka kama vyura, dakika tano."

Akaandika vyura. Kidole cha afisa kikashuka, kikasimama karibu na mwisho.

"'Mwalimu anakaa.' Hii si shughuli ya mtoto, mzee wangu. Itoe."

"Hapana."

Afisa akainua macho.

"Ni yao," alisema Bwana Zamu. "Niliiruka siku mbili kuona. Hawakulala. Nikikaa pale, nikaweka mkono hapa, wanalala. Hawajui saa, ila wanajua kinachofuata. Ni maneno yako hayo."

Afisa akamtazama, akakitazama kigoda chini ya dirisha, na pengine akaelewa na pengine hakuelewa. Akatia sahihi. Alisema lazima awepo mwalimu aliyesomea, na baada ya wiki tatu akamleta: dada mmoja mwembamba, mchangamfu, aliyejua nyimbo arobaini na zaidi. Watoto wakampenda siku ya kwanza. Bwana Zamu hakuona wivu wala furaha. Aliona kwamba sasa asubuhi kutakuwa na nyimbo, ambazo zilikuwa zimepungua. Yeye akabaki na mchanga, ufagio, nyuzi na kigoda.

Binti alikuja kama alivyoahidi, na begi tupu la kubebea vitu vya baba yake. Alifika saa ya mchanga. Akamkuta amechuchumaa, suruali imekunjwa, Kobe anammwagia mchanga juu ya viatu kwa makini kama mtu anayefanya kazi ya serikali. Alikaa siku tatu. Siku ya pili, mchana, alisimama mlangoni akaona baba yake amekaa chini ya dirisha na kiganja kifuani, watoto wamelala; akarudi chumba cha nyuma, akafunga mlango. Siku ya tatu akaondoka na begi lile likiwa na magauni mawili ya mama yake na kanga ya zamani.

"Baba, utakuwa unakula?"

"Saa sita na nusu," alisema. "Pamoja nao."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda. Ganzi haikuisha siku moja wala kwa tukio moja, na zipo siku haikupungua hata kidogo. Aliamka, akafungua lango, akafanya kinachofuata, kisha kinachofuata.

Muhula uliofuata alikuja mtoto mpya wa miaka mitatu, mtoto wa muuguzi, aliyelia kila asubuhi mama yake akigeuza kisogo. Mwalimu kijana alimwimbia, akampa mdoli, akampa unga wa chumvi. Wapi. Mtoto alisukuma vyote akalia zaidi, kama aliyetukanwa.

"Mwache," alisema Bwana Zamu.

"Babu, analia."

"Naona. Sasa hiyo ndiyo kazi aliyonayo. Mwache aimalize."

Akakaa naye kwenye ngazi ya mlangoni, bega kwa bega, bila kumshika, bila kumwambia nyamaza. Mtoto alilia dakika kumi na tatu. Kesho yake kumi na moja. Jioni ile Bwana Zamu alichukua kalamu, akaongeza mstari juu kabisa ya ratiba, kabla ya ndoto na salamu: *Saa mbili kasorobo. Anayetaka kulia, alie. Mtu mmoja akae naye.* Mpishi aliusoma mstari ule mara mbili, akasema kwa umri wake naye atakuwa anakuja saa hiyo hiyo, wamwekee nafasi. Mwalimu kijana akaukolezea wino.

Wiki ya tatu ilikuwa dakika nne. Mtoto akalia, akamaliza, akajipangusa pua kwenye mkono wa shati la mzee, akakaa kidogo anatazama wenzake wakiwasili na mabegi yao makubwa kuliko migongo.

"Sasa nini?" akauliza.

"Sasa wanataka kujua umeota nini," alisema Bwana Zamu, akashika ukingo wa ngazi, akainuka, magoti yakalalamika, wakaingia ndani.